Sura ya Saba: Likizo ya Juni Ukingoni mwa Ziwa

Mvua za masika hukata Mwanza mwishoni mwa Mei, na kuanzia hapo anga hubaki wazi karibu miezi mitatu mizima. Julai huweza kupita bila tone. Asubuhi huwa na kibaridi, maana ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, lakini mchana miamba hushika jua hadi mtoto asiye na viatu hukimbilia kivuli. Wakati huohuo shule hufunga muhula wa kwanza, na kwa mwezi mmoja hivi, hadi mwanzoni mwa Julai, nyumba zinajaa watoto.

Anayedhani likizo hii ni ya kupumzika hajawahi kukaa Usukumani mwezi wa Juni. Mahindi yanasubiri kupukuchuliwa. Mpunga umetoka majarubani, pamba inachumwa na kupelekwa kupimwa, viazi vitamu vinachimbwa kabla ardhi haijakauka kabisa. Kila mkono una kazi. Lakini chakula kipo, njia zinapitika, na mtu akilala nje hatanyeshewa. Kwa sababu hizo watu wa pande hizi waliuchagua msimu huu, tangu enzi za mababu, kuwa msimu wa ngoma, wa harusi na wa mashindano.

Familia kukaa pamoja, sikukuu, na vitu vinavyotengenezwa kwa mkono: mambo haya matatu ukingoni mwa ziwa yamefungwa kamba moja. Mtu akitengeneza kitu Juni, anataka kitazamwe, na sikukuu za huku zilijengwa juu ya macho ya watazamaji. Mtoto anayekunja waya uani kwa bibi yake na mcheza ngoma anayeingia uwanjani na sanamu ambayo hakuna aliyewahi kuiona wanafanya jambo moja, kila mmoja kwa kimo chake.

Safari ndiyo mwanzo wa likizo. Stendi ya Nyegezi inapeleka watu kusini na magharibi, ile ya Nyamhongolo inapeleka Magu, Simiyu na Musoma, na bandarini kuna vyombo vya Nansio kwa wenye bibi Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani. Wenye kwao Sengerema na Geita walikuwa na mtihani wa ziada: foleni ya kivuko pale Kigongo, ambako familia ingeweza kumaliza mihogo ya kukaanga yote iliyofungwa kwa ajili ya njia nzima kabla haijaona upande wa Busisi kwa karibu. Tarehe 19 Juni 2025, katikati ya likizo yenyewe, Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa hapo, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya maji. Sasa mtu anavuka kwa dakika chache. Watoto wadogo wataikosa foleni ile bila kujua, na wala sioni sababu ya kuisikitikia.

Akifika kijijini, mtoto wa mjini anajifunza kwanza salamu. Asubuhi anapiga goti, anasema “Mwangaluka,” na bibi anamjibu kwa mlolongo wa maswali: umeamkaje, baba yako hajambo, mama yako, wadogo zako, ng'ombe wenu. Mtoto asiye na ng'ombe hujikuta anaitikia tu. Baada ya salamu anapewa kisu.

Kisu ni cha viazi. Nimekula viazi vikavu katika nyumba nyingi za mkoa huu, na kwangu hakuna chakula kinachoonyesha akili ya msimu wa kiangazi kuliko hiki. Kuna njia mbili. Kiazi kikimenywa kibichi, kikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa, kinakuwa michembe. Kikichemshwa kwanza, ndipo kikamenywa, kikakatwa na kuanikwa, kinakuwa matobolwa. Michembe hukauka myeupe na migumu. Hupikwa, mara nyingi pamoja na karanga zilizosagwa, na huweza kusagwa ikawa unga wa uji. Matobolwa huwa na rangi ya asali na utamu uliojikusanya, na mtoto huyatia mfukoni akaenda nayo machungani, akitafuna njia nzima. Vyote viwili vikihifadhiwa vizuri hukaa hadi msimu wa kulima unaofuata, wakati mama anarudi shambani saa saba na hakuna mwenye nguvu za kusonga.

Kazi ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya sawasawa. Vipande vikiwa vinene, ndani hubaki unyevu na ukungu huingia. Vikiwa vyembamba mno, huvunjika kabla ya kufika ghalani. Havitakiwi kulaliana. Vinageuzwa mchana, vinaangaliwa kuku na mbuzi wasivifikie, na jioni umande ukitishia vinakusanywa. Mahali pazuri pa kuanika ni mwamba. Watalii hupiga picha Jiwe la Bismarck pale bandarini, lakini miamba yenye faida kwa wenyeji ni ile mikubwa, laini, yenye mgongo mpana, nyuma ya nyumba. Inapata joto asubuhi na kulishikilia hadi magharibi, na upepo unaisafisha bure. Mihogo ya udaga nayo huishia hapohapo, baada ya kuvundikwa ikalainika. Mtoto anayelinda mwamba siku nzima kwa ufito na kivuli cha mti mmoja ana muda mwingi mikononi. Wanasesere wengi wa magunzi na ng'ombe wengi wa udongo wamezaliwa kwenye zamu hiyo.

Kando kabisa ya maji, katika vijiji kama Kayenze na Igombe, ratiba ya familia haiendi na kalenda ya shule wala ya Serikali. Inaenda na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa: zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri na za sola. Taa huvuta wadudu na dagaa, na wavu huwazunguka. Mwezi ukishakuwa mpevu, maji yote yanang'aa na taa haina maana tena, hivyo mitumbwi huvutwa ufukoni na wavuvi hulala nyumbani kwao. Kwa mtoto wa mvuvi, siku za mbalamwezi ndizo siku za baba. Ikitokea mbalamwezi ya Juni imeangukia ndani ya likizo, baba na watoto wanaonana mchana kutwa, jambo ambalo muhula wa masomo hauwapi.

Hawakai bure. Nyavu zinatandazwa mchangani na kutafutwa matundu. Baba anashika sindano ya mti iliyojazwa uzi, mtoto anashika wavu uliokazwa kati ya kidole gumba cha mguu na mkono wa kushoto, na fundo linarudiwa hadi jicho jipya lilingane na majirani zake. Jicho likiwa kubwa, dagaa wanatoka. Likiwa dogo kupita kiasi, kuna sheria. Sijaona somo la hesabu lenye adhabu ya haki namna hiyo: ukikosea kupima, usiku wa giza utakapofika kosa lako litaonekana ndani ya mtumbwi. Mitumbwi nayo huzibwa nyufa kwa pamba na kupakwa rangi, na kijana mwenye mkono mzuri hupewa heshima ya kuandika jina ubavuni.

Usiku una mahali pake. Katika miji ya Wasukuma moto wa jioni wa wanaume, unaokokwa kwa mavi makavu ya ng'ombe ili uwake taratibu, huitwa shikome. Hapo babu alikuwa akisimulia, vijana wakisikiliza huku wakisokota kamba au kuchonga mpini, maana kukaa shikomeni mikono mitupu hakukupendeza. Vitendawili vilianza kwa mtegaji kuita “Kalagu!” na wote kuitikia “Kize!” Shikome kamili sasa ni chache. Umeme umefika, na televisheni ya jirani ina nguvu zake. Lakini katika nyumba ambayo bibi bado anapukuchua mahindi baada ya chakula cha usiku, wajukuu wakiwa wamezunguka lile rundo, utasikia kalagu na kize zikipita juu ya sauti ya punje zinazoanguka kwenye ungo. Anicet Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alijua uzito wa mambo kama haya. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikachapwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndani yake mapishi, pombe, safari za ukweni na kazi za mikono zimeandikwa kwa subira ya mtu aliyeamini kwamba visipoandikwa vitapotea.

Sasa nije kwenye vitu vya watoto, ambavyo ndivyo hasa vilivyonifanya niandike sura hii.

Ng'ombe wa udongo ndiye mkongwe kuliko wote. Udongo wa mfinyanzi huchukuliwa kando ya lambo au kisima, hukandwa hadi uache kushika vidole, kisha kiwiliwili kinavutwa kutoka kwenye bonge moja. Miguu ya kubandika hudondoka, kwa hiyo mtoto mwenye uzoefu anaichomoa kutoka kwenye bonge lenyewe. Nundu ni lazima. Pembe hupewa umbo la ng'ombe fulani anayejulikana zizini, na hapo ndipo mchungaji mdogo anapojulikana kama anawaona kweli wanyama wake: huyu pembe moja imeinama, yule zimefungua kama mikono inayopokea mtoto. Kisha kundi zima linakaa kivulini siku ya kwanza. Likiwekwa juani papo hapo linapasuka. Watoto hulipana mahari kwa ng'ombe hawa, wakabishana idadi kwa sauti walizozisikia kwa wajomba zao.

Gari la waya linadai zaidi. Waya hupatikana kwenye seng'enge iliyochakaa au hununuliwa kwa fundi. Chesi hukunjwa kutoka kwenye waya mmoja mrefu bila kuukata, kwa sababu kila mkato ni mahali pa kulegea. Viungo hufungwa kwa utepe mwembamba wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukivutwa hadi ukaribie kukatika, ndipo ukazungushwa. Magurudumu hutoka kwenye soli ya ndala kuukuu: mdomo wa kopo unawekwa juu, unachorwa, unakatwa kwa wembe. Kazi ngumu ni ekseli ya mbele, ambayo lazima igeuke kushoto na kulia kufuata usukani ulio juu ya waya mrefu unaofika kifuani kwa dereva, ili akimbie nyuma ya gari lake huku akiliongoza. Fuso inajulikana kwa pua fupi na bodi refu. Basi linajulikana kwa ngazi ya nyuma na keria ya mizigo. Fundi wa miaka kumi na mmoja ataweka hata vioo vya pembeni kwa bati la kopo, na ukimuuliza kwa nini, atakutazama kwa mshangao: gari lisilo na vioo litarudije nyuma?

Mwanza ina historia yake na bati. Mtaa wa Makoroboi, katikati ya jiji, ulipata jina kwa mafundi waliokuwa wakigeuza makopo matupu kuwa koroboi, zile taa ndogo za utambi na mafuta ya taa. Mtoto anayekata kopo la maziwa akapata taa za mbele za Fuso yake yumo katika ukoo huo wa ufundi, awe anajua au hajui.

Mpira wa chandimu umebadilika mbele ya macho yetu. Kwa miaka mingi moyo wake ulikuwa mifuko ya plastiki, iliyolundikwa mmoja ndani ya mwingine na kufungwa kwa kamba za katani au nailoni. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini, na wenye mipira wakalazimika kurudi kwenye vitambaa, vipande vya sponji la godoro na nyuzi zilizofumuliwa kwenye viroba. Mpira wa kitambaa unanyonya maji na kuwa mzito asubuhi kwenye umande, lakini haurukiruki ovyo, na wachezaji wanaojua kumiliki mpira mguuni wanausifu. Tiara bado inarushwa Julai, upepo wa mchana unapotoka ziwani. Fremu ni njiti za matete, karatasi hubandikwa kwa sembe iliyokorogwa na maji ya moto, na mkia wa kitambaa huongezwa au kupunguzwa hadi itulie. Wasichana wana gunzi la hindi, ambalo nywele zake za asili husukwa mitindo yote ya saluni, na mabaki ya kitenge kutoka kwa fundi cherehani.

Mashua ninaziweka peke yake, kwa kuwa zina hatari. Mtoto wa ufukoni huchonga mashua kwenye kipande cha boya lililokatika nyavuni, akasimamisha mlingoti wa njiti na tanga la kiroba, na hana raha mpaka aipeleke majini. Maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani, ndiyo mazuri kwa mashua ndogo, na ndiyo hayohayo wanakoishi konokono wa kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono hao na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini, bila kumwuma, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, yaani saa zilezile ambazo watoto wa likizo wako majini. Ukanda huu wa ziwa umeteswa na kichocho kwa vizazi. Mzazi anaweza kufanya mawili. Kwanza, mashua zijaribiwe kwenye beseni au karo la maji yaliyotekwa na kukaa siku mbili nzima bila konokono, kwa kuwa vimelea hivyo vikikosa mwili wa kuingia hufa ndani ya muda huo. Pili, mtoto aliyeoga ziwani, na wengi wameoga hata kama hawasemi, apimwe kituo cha afya na kupewa dawa ya prazikwanteli kwa kipimo cha uzito au urefu wake. Dawa ipo, na inafanya kazi.

Sikukuu zenyewe zinafika katikati ya haya yote. Idi Kubwa, ambayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, iliangukia Juni mwaka 2023, 2024 na 2025, ikawakuta watoto wako likizo. Kwa familia za Kiislamu za Mwanza hiyo ilimaanisha vyerehani kupiga kelele usiku kucha, kanzu ndogo zinazopimwa kwa kukisia kwa sababu mtoto hatulii, na sahani za pilau na nyama zinazotoka mlango huu kwenda mlango ule bila kuuliza jirani anasali wapi.

Na kuna Bulabo. Kisesa, mwendo mfupi mashariki ya Mwanza kwenye barabara ya Musoma, kiko kilima cha Bujora. Hapo Padre David Clement, mmisionari wa White Fathers kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya nyimbo, ngoma, na vifaa vya Wasukuma, wakati ambapo wamisionari wengi bado waliviona kuwa vitu vya kuachwa. Kazi yake ilizaa Makumbusho ya Wasukuma, ambako banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na kanisa ambalo altare yake nayo imefuata umbo hilo. Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, inayoangukia Mei au Juni, ilikuwa na maandamano ya maua. Clement aliiona imekaa mlangoni mwa msimu wa ngoma, akaviacha viwili hivyo vikutane, na hiyo ndiyo Bulabo. Hadi leo misa inafuatwa na ngoma, na uwanja unajaa watu waliotoka Magu, Kwimba, Misungwi na mbali zaidi.

Ushindani wa ngoma ni wa zamani kuliko Bujora. Katika karne ya 19 waganga na wachezaji wawili, Ngika na Gumha, walishindana nani ana dawa na ustadi wa kuvuta watu, na wafuasi wao wakawa vyama viwili, Bagika na Bagalu, ambavyo vimegawana Usukuma hadi sasa. Kanuni ya shindano ni ya haki ambayo mtoto yeyote anaielewa. Pande mbili zinacheza wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, zikiwa zimeachana kidogo. Watazamaji wako huru. Wakihama kutoka upande huu kwenda ule, wamepiga kura kwa miguu. Mwenye umati mkubwa mwisho wa siku ndiye mshindi.

Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa ufundi. Sauti nzuri haitoshi ikiwa ng'ambo ya pili kuna kitu kipya. Bagobogobo, ambao asili yao ni vikundi vya kulima kwa pamoja, walilichukua jembe lenyewe wakalirusha na kulizungusha hewani kwa mapigo ya ngoma. Bayeye, wajuzi wa nyoka na dawa zao, waliingia na chatu mabegani. Banungule walitoka kwenye uwindaji wa nungunungu. Wengine walichonga. Wasukuma, ambao wasomi wa sanaa mara nyingi waliwahesabu kuwa hawana mila kubwa ya uchongaji, walichonga sanamu ndefu za watu, nyingine zenye mikono na miguu inayotikisika, zikafichwa hadi saa ya shindano na kuinuliwa ghafla katikati ya wachezaji ili umati wa wapinzani ugeuke. Baadhi ya sanamu hizo leo ziko katika mikusanyo ya Ulaya, zimesimama kimya ndani ya kioo. Mchongaji wake alizitengeneza akijua kwamba zitahukumiwa alasiri moja, na watu wenye vumbi miguuni walio huru kuondoka.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kitu cha mkono pande hizi si pambo la sikukuu. Kilikuwa silaha ya kushindia. Watoto wanalijua hili bila kufundishwa. Tazama siku ya Bulabo pembezoni mwa uwanja: kuna uwanja mwingine mdogo, wa watoto, ambako mwenye gari lenye springi zinazocheza amezungukwa na kumi, na mwenye gari la kawaida amebaki na mdogo wake. Kesho yake yule aliyeachwa ataamka mapema kutafuta waya.

Saba Saba huja likizo ikiwa inakwisha au imekwisha. Ni kumbukumbu ya tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipoundwa, na kwa wazee wengi wa Usukumani ni siku ya ngoma uwanjani. Nane Nane inakuta watoto madarasani tayari, lakini maonesho ya Nyamhongolo bado yanawavuta na sare zao, kuangalia mbegu, ng'ombe wa kisasa, na meza za vikundi vya akina mama zenye vikapu na mikeka. Kwenye meza hizo ningependa kuona zaidi kazi ya magugu maji, gugu lililovamia ziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kisumu wamekwenda mbele: bua lake hukaushwa, husukwa kama nywele, likafumwa kiti au kikapu kinachobeba mzigo. Malighafi imejaa kwenye ghuba zetu pia, na hakuna anayeidai.

Kinachoila likizo ya Juni leo ni tuisheni. Mtoto wa darasa la sita anatoka shule Ijumaa na kuanza masomo ya ziada Jumatatu, pengine katika chumba kilekile. Nawaelewa wazazi. Mtihani wa taifa una uzito, na hakuna anayetaka mwanawe abaki nyuma. Lakini hesabu tunayoipiga ina kasoro. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali katika sekondari, kwa hoja kwamba taifa linahitaji vijana wanaojua kutenda kwa mikono yao. Kijana huyo atapimwa na mwalimu akiwa na miaka kumi na minne. Mikono yake, hata hivyo, ilipaswa kuanza kuzoea chuma, uzi na udongo akiwa na miaka saba, uani, mbele ya wenzake wasiomwonea huruma. Kumnyima mwezi huo kisha kumjengea karakana ni kazi mara mbili kwa nusu ya faida.

Kwa hiyo, mzazi wa Nyamagana au Ilemela unayesoma haya mwezi Mei, mfungie mtoto begi. Weka plaizi ndogo, wembe atakaoutumia mbele ya mkubwa, kamba, sindano na uzi, penseli ya kuchorea mduara. Weka viatu vya kufunika mguu. Mpigie bibi simu umwambie kwamba mtoto anaruhusiwa kushika kisu cha viazi, maana wapo mabibi wanaowaogopa wakwe zao wa mjini. Muulize mwezi mpevu utaangukia tarehe ngapi, ikiwa babu au mjomba ni mvuvi, na safari ipange iguse siku hizo. Ukiweza, mfuate wewe mwenyewe wikiendi ya Bulabo, mkasimame uwanjani, na umwache achague kwa miguu yake upande wa kutazama. Na siku ya kurudi tenga nauli ya mzigo: gunia la michembe lina bei yake kwa kondakta, na gari la waya halikunjwi, litafungwa juu ya keria peke yake, magurudumu yakitazama angani, hadi stendi.